Skafu ya Samawati

Bweni zima lilimwita Penalti, kwa sababu hakuna mechi aliyowahi kuitazama bila kudai penalti. Alikuwa mwaka wa tatu wa uuguzi, na somo la dawa alikuwa akilirudia. Akianguka tena, chuo kingemuaga. Timu yake ilikuwa Nyuki. Aliirithi kwa baba yake, fundi seremala ambaye hakuwahi kumnunulia mwanasesere, ila jezi alimnunulia tangu hajajua kufunga viatu.

Chumbani aliishi na Sista, msichana wa maneno machache, shabiki wa Samawati. Walitaniana vizuri tu, mpaka siku Nyuki walipoichabanga Samawati manne kwa bila. Penalti alipagawa. Aliivuta skafu ya buluu iliyoning'inia kitandani kwa Sista, akaifunga kwenye mti wa kudekia, akadeki nayo korido kutoka bafuni hadi ngazini, wasichana wakimpigia makofi na kumrekodi kwa simu.

Skafu ile ilikuwa ya kaka yake Sista. Aliivaa uwanjani kila wiki hadi alipougua, na walimzika mwanzoni mwa muhula ule ule. Penalti alijua. Simu ya msiba ilipoingia, yeye ndiye aliyemshika Sista mkono.

Sista hakugomba. Aliifua skafu maji matatu, akaianika, akaikunja na kuifungia sandukuni.

"Jamani Sista, utani wa mpira huo. Usininunie."

"Sijanuna."

Penalti akaamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi. Video ya kudeki aliimwaga kwenye kundi la darasa, na nyingine kumi juu yake, hadi kiongozi wa darasa akachoka akamtoa kundini. Tangu hapo Sista ndiye aliyempasha habari: leo darasa limehamia maabara, kesho mwalimu haji. Hakukosea hata mara moja.

Wiki ya mitihani ikafika. Kwenye ratiba aliyoibandika ukutani juu ya mto wake, somo la dawa lilikuwa Alhamisi asubuhi. Fainali ya kombe, Nyuki na Samawati, ilikuwa Jumatano saa kumi jioni. Penalti akajipangia: Jumatano asome hadi saa tisa, ateremke ukumbi wa televisheni, kisha arudi vitabuni.

Jumatano saa moja asubuhi Sista alikuwa ameshavaa sare, kalamu mbili mfukoni.

"Wapi mapema hivyo?" Penalti aliuliza bila kuinua macho.

"Natoka."

"Basi nirudishie mlango, mwenzio nawaka moto hapa."

Sista akaurudisha taratibu, bila kelele.

Asubuhi ile mambo yaliingia. Dawa za moyo, za presha, za kifafa, vitu vilivyomtoa jasho mwaka mzima, vilikaa kichwani kimoja kimoja kama wageni waliopewa viti. Alijihoji, akajijibu, akacheka peke yake. Saa tano na robo akachukua ndoo kwenda kuchota maji, akakutana na wenzake wanapanda ngazi.

"Ile dozi ya mtoto swali la nne, nyie mmepata ngapi?" mmoja alikuwa akiuliza. Akamwona. "Penalti! Ulikaa wapi wewe? Sijakuona ukumbini."

"Ukumbi gani?"

"Wa mtihani wa dawa."

Aliiacha ndoo palepale akakimbia na ndala, moja ikakatika njiani, akafika ukumbi wa mtihani mguu mmoja peku. Msimamizi alikuwa anafunga vijitabu vya majibu kwa kamba.

Kwenye ofisi ya mitihani alimkuta mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Tangazo la kubadili siku lina siku tano ubaoni," mama alisema.

"Mama, sikuliona. Niko kwenye marudio, nikikosa huu..."

"Najua. Jina lako ninalo hapa." Akavaa miwani, akaandika mbele ya jina: Hakufika. Kisha akaongeza, si kwa ukali, "Unachafua sakafu, mwanangu. Mguu wako unatoka damu."

Sista alikuwa chumbani, anavua viatu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku zote tano?"

"Zote." Sista aliviweka viatu chini ya kitanda, vikalingana. "Kila jioni nilisema, leo akiniomba radhi namwambia. Ijumaa ulitazama marudio ya mabao. Jumamosi ukaniuliza kama nimenyoosha sare yako. Nikasema bado kuna kesho."

"Na jana?"

"Jana uliniomba chaja."

Penalti alikaa kitandani hadi kelele za fainali zikaanza kupanda kutoka chini. Simu ikaita. Baba.

"Unaona mpira huo? Leo tunawala nyama!"

"Baba, nimekosa mtihani. Sikuufanya. Wananifukuza."

"Subiri, kona hii... Goooo! Umeliona hilo? Umeliona?"

"Nimeliona."

Alimsubiri amalize kushangilia. Kisha akarudia, pole pole, neno kwa neno. Upande wa pili televisheni ikanyamazishwa.

"Nimewaambia watu wote karakanani," baba alisema hatimaye. "Kila mteja. Nimewaambia mwakani binti yangu ni nesi."

"Nisamehe, baba."

"Mama yako utamwambia mwenyewe." Simu ikakatika.

Akaanza kupanga nguo kwenye begi. Chini walikuwa wanaimba, hakujua ni wa upande gani. Sista alikuwa amefungua daftari la mtihani wa Ijumaa, anapigia mistari kwa rula. Baada ya kurasa mbili tatu akageuka, akautazama upande wa Penalti kama mtu anayepima nafasi.

"Hilo godoro," aliuliza, "utaondoka nalo?"