Punje Chini ya Jicho

Wabwile alikuwa amefunga vidonda vya watu wa Kitale kwa miaka mingi, hata bendeji zake, ukimsikiliza yeye, zingeuzunguka Mlima Elgon na mwisho wake ungebaki wa kufungia ng'ombe. Alikuwa dresa wa hospitali. Alishawahi kuokota kidole cha mtu kwenye plau akakipeleka kwa daktari ndani ya kofia, na njiani, aliapa, kidole kile kilimwonyesha njia ya mkato. Mtu kama huyo ataogopa nini? Kitu kimoja tu kilimtoa mbio duniani, nacho ni mama mkwe wake.

Si kwamba Nakhungu alikuwa mkali. Ulikuwa mwiko. Kwao Wabukusu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku moja walikutana katikati ya daraja la miti, mahali ambapo hapakuwa na kichaka, Wabwile akaruka mtoni pamoja na baiskeli yake. Watu wa Chwele walisema kengele ililia chini ya maji hadi ikasikika Sirisia. Mwiko wenyewe una dawa: huchinjwa ng'ombe, hutolewa blanketi, pombe ya wimbi hunywewa, na baada ya hapo mkwe na mkwe husalimiana kama watu. Ng'ombe Wabwile alikuwa naye. Ila kila mavuno alisema, acha tungoje mavuno yajayo.

Mwaka huo, nzige wakiwa wamepita si zamani sana na uvumi wa ndui ukishuka kutoka upande wa Uganda, alifika nyumbani karibu na Chwele kwa likizo akamkuta mke wake Dinah hajapika.

"Mama hauzi tena sokoni," Dinah alisema. "Wimbi linarudi nyumbani vile lilienda."

"Kwani lina mawe?"

"Ni uso. Ameota vitu vyeupe hapa, chini ya macho. Vidogo sana. Ati ni ndui."

"Nani amesema?"

"Si soko lote! Mwanamke mmoja alishika wimbi, akamtazama mama, akaliangusha wimbi, akapangusa mkono kwa nguo. Basi, ikawa imekwisha. Na baba mdogo amesema kesho kutwa ni baraza. Asipopatikana mtu wa kusimama aseme si ndui, mama anapelekwa kibandani."

Wabwile alikiweka chini kikombe alichokuwa ameshika. Kibanda hicho kilikuwa kando ya mto, kilijengwa wakati wa ndui ya zamani. Chakula kiliachwa juu ya jiwe, na aliyekipeleka alikimbia kabla joto la mkono wake halijapoa juu ya jiwe. Kuna walioingia humo na ndui na kuna walioingia na chunusi, na wote walitoka kwa namna moja, wamekunjwa ndani ya mkeka. Naye baba mdogo wa Dinah, Mzee Mukhisa, ndugu wa marehemu mume wa Nakhungu, alikuwa liguru, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Aliiogopa serikali kuliko alivyomwogopa Mungu, kwa sababu Mungu, alisema, hajawahi kumnyang'anya kofia.

"Nimpeleke Kitale," Wabwile alisema. "Daktari amwone."

"Nani atambeba? Lori hazimchukui. Na baba mdogo ameshaweka vijana njiani."

Asubuhi walikwenda kwa Nakhungu. Wabwile akasimama nyuma ya nyumba, uso kwenye migomba. Mama mkwe alikuwa ndani. Katikati yao ulikuwa ukuta wa udongo, na Dinah mlangoni, kazi yake kubeba maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia.

"Dinah, muulize mama kama vinawasha."

"Mama, anauliza kama vinawasha."

"Mimi si kiziwi. Mwambie haviwashi."

"Haviwashi."

"Muulize kama ameona homa."

"Mwambie homa yangu ya mwisho ilikuwa ya kukuzaa wewe."

"Na mwilini? Mikononi, miguuni?"

"Mwambie ni hapa usoni tu. Na asiendelee kuulizia mwili wangu, tutashtakiwa."

Dinah alicheka. Wabwile hakucheka, alikuwa amekaribia kupata jibu. "Ni vigumu ama ni laini?"

Ndani, Nakhungu alijipapasa kwanza. "Mwambie ni kama punje ya wimbi imeingia chini ya ngozi, ikakosa mlango wa kutokea."

Wabwile nusura apige makofi. Vitu hivyo alivijua. Alikuwa ameviona kwenye pua za watoto waliozaliwa juzi, na kwa watu wazima mashavuni, na kwa wengine mahali moto ulipowachoma ngozi ikapona.

"Mwambie si ndui," alisema, na sauti yake ikapita ukutani bila kungoja kubebwa. "Ndui huja na homa, hushika mpaka nyayo, hujaa maji halafu usaha. Hivi ni ngozi kuukuu tu. Ngozi hujivua kama ya nyoka, ila kidogo kidogo, mtu haoni. Sasa hii kidogo imefungiwa ndani ikawa kipunje. Haviambukizi mtu. Asivikamue. Asivichome na mwiba. Asipake dawa ya mtu yeyote. Aoshe uso na maji ya vuguvugu, aache kupaka samli, basi. Vitatoka vyenyewe."

"Lini?"

"Pengine miezi. Kuna sindano, inachemshwa, ngozi ya juu inafunguliwa kidogo na kipunje kinasukumwa nje. Lakini ni mkono unaojua. Na karibu na jicho hivi, hata mimi namwachia daktari."

"Mwambie baraza haingoji miezi."

Kuku alipita. Wabwile alijua atakachoulizwa barazani, kama ameviona kwa macho yake, na Nakhungu pia alijua, kwa sababu ndiye aliyesema, polepole, "Dinah, niletee kile kioo changu."

Kilikuwa kioo kidogo cha dukani kwa Kartar kule Bungoma, kimepasuka kona. Nakhungu akakaa akiupa mlango mgongo, akakiinua mbele yake. Wabwile akaletwa mlangoni kinyumenyume, halafu akageuka. Mgongo wa mama mkwe hauna mwiko. Na kioo? Wazee hawakuwahi kusema lolote juu ya kioo. Mwiko uliumbwa kabla ya Kartar.

Akaona. Vitatu chini ya jicho la kushoto, viwili chini ya la kulia. Vyeupe, vya mviringo, vigumu, na ngozi ya pembeni safi bila wekundu. Ngozi tu, kama alivyosema.

Halafu akaona macho. Kioo hakina upande mmoja. Nakhungu alikuwa akimtazama.

Hakuna aliyepiga kelele. Nakhungu alishusha leso yake ya kichwani polepole mpaka kidevuni, na Wabwile akatoka nje akijikwaa kwa kuku yule yule. Dinah aliinama kwenye mafiga akapuliza moto ambao haukuwepo.

Siku ya baraza watu walijaa uwanjani kuliko siku ya mnada. Nakhungu aliwekwa peke yake upande wa upepo unakoelekea, leso imemfunika kichwa chote. Mukhisa alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia kwenye goti.

Wabwile alisimama akasema yote: homa, usaha, nyayo, ngozi kuukuu. Alisema vizuri. Hata waliokuja kwa ubaya walianza kuitikia kwa vichwa.

"Maneno mazuri," Mukhisa alisema. "Maneno ya Kitale. Sasa wewe dresa, hiyo vitu umeiona?"

Jibu lilikuwa neno moja. Wabwile alilihisi mdomoni kama kokwa. Akisema nimeviona, amesema mbele ya ndugu wa marehemu baba mkwe wake kwamba amemtazama mama mkwe usoni. Angetozwa ng'ombe, sawa, ng'ombe alikuwepo. Lakini wimbo je? Kwa mwiko huo watu wangemtungia wimbo, na wimbo wa pombe haufi. Wajukuu wake wangeozwa huku ukiimbwa.

Kwa pembe ya jicho aliona leso ya Nakhungu ikiinuka kidogo. Ikangoja.

"Sijaviona, mzee," Wabwile alisema. "Lakini nimeelezwa..."

"Ameelezwa!" Mukhisa akageukia watu. "Hata mimi nimeelezwa Nairobi, bwana, lakini nipeleke huko leo, nitajua choo kiko wapi?"

Uwanja wote ulicheka. Leso ikashuka.

"Kesho asubuhi anaenda kibandani," Mukhisa alisema akivaa kofia. "Serikali ikija ikute tumefanya."

Wabwile alipanda baiskeli palepale akaelekea Kitale kumleta daktari. Alijisemea kwamba anakimbilia msaada, na ni kweli. Lakini alivyozikanyaga pedali zile, hata mtoto angejua kuna kitu anakikimbia pia.

Nakhungu alibaki na mchana mmoja wa kuvitoa usoni. Kule Chwele kulikuwa na mzee Wakhungu, mtoaji wa chunjua. Aliwatoa ng'ombe chunjua za viwele na watu chunjua za vidole, na alijisifu kwamba aliwahi kumtoa fahali chunjua nyingi hadi fahali akabaki ndama. Dawa yake ilikuwa utomvu wa mnyaa, ule mti wa ua unaotoa maziwa meupe ukivunjwa. Juu ya chunjua ya kwato maziwa yale hufanya kazi. Wakhungu hakuwa mtu mbaya. Alimtazama Nakhungu akaona vitu vidogo vilivyojitokeza kwenye ngozi, na kwake yeye kila kilichojitokeza kilikuwa chunjua.

"Mkwe wangu alisema nisipake," Nakhungu alimwambia.

"Mkwe wako si amesema hajaviona?"

Nakhungu alivua leso. Akainua uso.

Utomvu hauna adabu ya kukaa unapowekwa. Jasho lilikuwa linatoka, na Nakhungu alipangusa mara moja tu, na mkono. Jicho la kwanza likashika moto, akalisugua, na mkono uleule ukaenda kwa la pili. Maji mengi ya kuoshea, palepale, yangesaidia. Wakhungu alikimbia kuyatafuta, lakini kelele zilikuwa zimewaleta watu, na watu waliona uso umevimba, umejaa malengelenge, macho yamefumba. Nani tena angebisha? Ndui ilikuwa imejitokeza yenyewe mchana kweupe. Vijana wa Mukhisa hawakungoja kesho. Walimsukuma kwa miti mirefu, kama mtu anavyosukuma nyoka, mpaka kibandani. Dinah alishikwa na wanawake wanne. Mto ulipita hapo hapo, hatua chache kutoka mlangoni, na Nakhungu alilala akiusikia usiku kucha, akiita maji.

Daktari alifika na gari asubuhi, Wabwile kando yake. Aliingia kibandani bila kungoja mtu. Walimsikia akimwaga maji, mtungi baada ya mtungi, Wabwile akiyateka mtoni na kukimbia nayo. Alipotoka alimwambia Mukhisa kwamba hakuna ndui kijijini, na hapakuwa na ndui hata jana. Mukhisa akavua kofia, akaivaa, akavua tena.

Malengelenge yalipona. Macho hayakupona. Yalibaki meupe kama maji ya mchele.

Wazee walikaa juu ya jambo la Nakhungu, kwa maana sasa alihitaji kushikwa mkono, na Dinah hakuweza peke yake. Walibishana sana. Mwisho wakasema mwiko ni wa macho mawili kukutana na mawili. Macho ya mmoja yakifa, aibu nayo imekufa. Hakuchinjwa ng'ombe wala halikutolewa blanketi. Ilikuwa bure kabisa. Hivyo Wabwile akawa mtu wa kwanza pande hizo kumwosha mama mkwe wake uso, kwa maji ya vuguvugu, kila alipokuja likizo.

Siku ya kwanza alipitisha kitambaa chini ya macho. Vilikuwepo. Vitatu kushoto, viwili kulia. Utomvu ulikuwa umechoma kila kitu ukaviacha.

"Sasa unaniona vizuri," Nakhungu alisema. "Hakuna kioo. Ni nini hivyo?"

"Ni ngozi tu, mama."

"Ngozi tu."

"Mama, siku ile kwenye kioo, mimi nili..."

"Uliona. Si nilikuona ukiona?" Alitafuta kitambaa kwa mkono, akajipangusa mwenyewe shavu. "Pale baraza niliinua leso nikungoje. Nikasema, atasema sasa. Nikasema, labda anameza mate kwanza. Ng'ombe si alikuwa zizini, baba?"

Wabwile aliangalia beseni. Nje Dinah alikuwa akipepeta.

Wimbi lilipovunwa, alimkuta tena kwenye kigoda chake. Alichovya kitambaa, akakikamua, akampitishia chini ya jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha akarudia. Ngozi ilikuwa laini. Vilikuwa vimetoka vyenyewe, havikuacha hata alama.

"Mbona umesimama?" Nakhungu aliuliza.

"Vimetoka, mama. Vyote."

Alijipapasa kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayetafuta punje iliyoanguka mkekani. Kisha akauelekeza uso wake mlangoni.

"Dinah! Kimbia kwa Mukhisa. Mwambie avae kofia yake, aje aone. Mimi siwezi."