Usinyanyuke, Kaimu

Miaka mingi alikuwa kaimu mkuu wa stoo ya kiwanda cha magodoro, na ukaimu ulimganda mpaka jina lake likasahaulika. Kazini aliitwa Kaimu. Mtaani, Kaimu. Hata mama mkwe alimwuliza, "Kaimu, mwanangu hajambo?" na hapo ndipo damu ilipomchemka kuliko pote.

Kazi aliifanya yeye. Cheo kilisubiri usaili. Usaili wenyewe ulishafanyika mara moja, mwaka uliopita, na aliuharibu kwa miguu yake mwenyewe. Katikati ya maswali mwenyekiti wa jopo alikosa karatasi. Kaimu akachomoka kuzileta. Feni ikagoma, akapanda juu ya meza. Mtu akabisha anataka gundi. Akaenda kufungua stoo. Aliporudi anahema, muda wake umekwisha. Cheo alipewa mgeni aliyekaa kitini ametulia kama maji mtungini. Mgeni huyo aliacha kazi hata kabla hajazoea njia ya msalani, na Kaimu akarudishiwa funguo pamoja na pole.

"Safari hii nitakufunga kamba," mkewe alimwambia jioni moja, amekaa upande wa pili wa meza na miwani ya kusomea ili afanane na jopo. "Haya, jieleze."

"Mimi ni mwajiriwa mwenye bidii..."

"Bidii hata punda anayo. Sema umefanya nini."

Akasema, na akasema vizuri. Kisha mkewe akadondosha kijiko makusudi, na Kaimu huyo, chini ya meza.

"Baba watoto! Nilikwambia nini?"

"Si kimeanguka!"

"Kiache! Ukionekana mtu wa kutumwa, watakutuma mpaka ustaafu."

Siku ya usaili aliamriwa, kama kawaida, apange chumba cha kumsaili yeye mwenyewe. Alibeba viti huku akisonya. Stoo alimkabidhi msaidizi wake, mama mtu mzima mwenye maneno machache, pamoja na funguo zote.

Mbele ya jopo alijibu sawasawa. Alieleza alivyozuia sponji zisilowe msimu wa mvua, akaeleza na kosa lake la kuagiza vitambaa mara mbili. Alikuwa anaingia kwenye namna alivyolirekebisha, mlango ukagongwa.

"Dereva anataka tairi," sauti ikasema.

"Kaimu, hebu mara moja," mwenyekiti akasema bila kuinua macho.

Magoti yalishaanza kunyanyuka. Akayakandamiza kwa mikono.

"Samahani, mwenyekiti. Stoo ina mtu, nimemkabidhi. Atamhudumia. Naomba nimalizie jibu langu."

Alilimalizia jasho likimtiririka mgongoni. Miaka yote hiyo, na bado anaomba ruhusa ya kukaa!

Mwishowe mwenyekiti akafunga faili. "Wewe ndiye wa mwisho. Sasa, viti hivi nani atavirudisha?"

Wote watatu wakamtazama yeye.

"Mkuu wa stoo atampangia mtu," alisema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Mkishamteua."

Mwenyekiti akawageukia wenzake, mmoja baada ya mwingine. Wakaitikia kwa kichwa.

"Basi nenda kampangie mtu, mkuu."

Alitoka asijue acheke au alie. Kwenye korido dereva alikuwa amesimama na tairi, uso umemvimba.

"Kaimu, hili mbona si la gari langu?"

"Kaimu hayupo," akamjibu. "Lete nilione."