Ukiitwa Mlimani Usiitike

Mama mwenye mtoto wa kutuma kuni, yasikie ya Nyangi, yasije yakakukuta.

Nyangi alikuwa mkulima kule Mugeta, nyumba yake chini kabisa ya mlima Nyabehore. Mlima ule ni hifadhi, kuokota kuni ni marufuku, ila majiko yote ya pale chini yanawaka kwa kuni za huko huko. Basi alimfundisha binti yake Gloria, wa miaka kumi na mmoja: ukiitwa mlimani, usiitike. Hata ukisikia sauti yangu usiitike, maana askari wanaweza kunishika wakanilazimisha nikuite. Jibanze kwenye mawe mpaka usikie mfuniko wa sufuria umegongwa mara tatu. Hapo ujue wameondoka.

Mtoto akashika. Alishika mno.

Jumamosi moja, Gloria akiwa mlimani kuokota kuni, wachungaji walichoma nyasi upande wa ziwani ili majani mapya yaote. Saa nane mchana upepo wa ziwa ukaamka, moto ukauparamia mlima. Nyangi alipanda mbio mpaka kibanda cha askari wa misitu, na hapo askari mmoja, Mihayo, akamziba njia.

"Mama, hupiti. Kuna nani juu?"

"Mwanangu."

"Tumeita nusu saa nzima. Angekuwepo si angeitika?"

"Yupo."

"Sasa haitiki kwa nini? Bubu?"

Nyangi akafungua mdomo. Jirani yake Benedikta, aliyepanda nyuma yake akihema, akamvuta kanga.

"Chunga ulimi wako," alinong'ona. "Ukilisema hilo umetuuza wote. Kesho tutapikia nini, nywele?"

Nyangi akaita. "Gloria, mwanangu, moto! Toka!"

Hakutoka mtu. Kule juu miti ilikuwa inapasuka kama mahindi kwenye kikaango, na moshi ulikuwa umeshayafunika mawe ya kwanza. Alimwona moyoni, amejikunja kwenye ufa wa jiwe upande usioona moto, anasema: mama wamemkamata, ngoja niingie ndani zaidi. Kumbe kila alivyomwita ndivyo alivyokuwa akimsukuma.

Kibandani, juu ya mafiga, ugali wa askari ulikuwa unapumulia chini ya mfuniko. Nyangi akaunyakua mfuniko, wa moto vile vile, akaokota jiwe.

"Nyangi," Benedikta alisema. "Usifanye."

Akagonga. Mara tatu. Akasubiri, akagonga tena, vidole vinaungua.

Mihayo aliutazama ule mfuniko, akamtazama Benedikta, aliyekuwa ameinamisha uso.

"Kumbe," alisema polepole. "Mimi nilikuwaga nasema, watu wa hapa wanapendaga kula, kila saa mfuniko."

Nyangi akagonga mara ya tatu, na moshi ukafika kwenye mawe ya pili.

Ndipo vichaka vikatikisika. Gloria alitoka akikohoa, macho mekundu, upande mmoja wa gauni umeungua, na mzigo wa kuni bado kichwani, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia autupe. Alipoona askari alisimama, akataka kurudi. Mihayo akamdaka.

Nyangi akautupa ule mzigo chini, akamkumbatia mtoto mpaka mifupa ikauma.

"Mama," Gloria alisema, sauti imekauka. "Mbona umechelewa kugonga?"