Kocha wa Kochi Apanda Mlima

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi miwani. Ana duka, ana koti jeupe, na wateja wanamheshimu. Nyumbani tunamwita Kocha, ingawa hajawahi kufundisha mchezo wowote. Kila msimu wa mbio za baiskeli unapofika, hujitandaza kwenye kochi mbele ya televisheni, sahani ya karanga ikiwa juu ya tumbo, na kuanza kuwafokea watu wanaopanda milima ya nchi za mbali. "Kanyaga, mvivu wewe. Huyu amekula nini leo? Mimi ningemtoka pale pale kwenye kona." Maneno hayo huyasema akiwa amelala chali. Dada akimwomba amletee sufuria iliyo juu ya kabati, anajibu kwamba goti linamsumbua.

Baiskeli anayo. Imetundikwa ukutani sebuleni kama picha ya marehemu, na ole wako uiguse.

Mwaka huu zikatangazwa mbio kubwa za siku kadhaa, na siku moja zingepita kwenye mlima tunaouona kutoka dirishani kwetu. Kocha akatoa amri kwamba familia nzima itakwenda. Familia nzima maana yake dada, mama yake Kocha, na mimi. Nilihitajika kwa sababu moja: nafundisha udereva, na Kocha hutapika kwenye barabara zenye kona. Anazijua kona zote za milima ya dunia, lakini kona zenyewe tumbo lake halizitaki.

Tulipanda asubuhi kabla barabara haijafungwa, tukaegesha gari kando ya sehemu yenye mwinuko mkali kuliko zote. Kocha akashuka na mavazi yake. Nguo ilimbana, rangi zile zile za timu ya Swala, na tumbo limejichora kama mtungi uliovishwa soksi. Swala ni jina la utani la mwendesha baiskeli ambaye shemeji anampenda kuliko ndugu zake wa damu. Miguuni alivaa viatu vya mbio, vile vyenye kipande cha chuma chini cha kunasia kwenye pedali. Alikuwa hajawahi kuvipandia baiskeli. Alitembea navyo kwenye lami ko, ko, ko, kama mbuzi juu ya bati.

Akatoa kopo la rangi nyeupe, akainama, akaandika SWALA katikati ya barabara kwa herufi za ukubwa wa kitanda. Dada alisimama akamtazama hadi akamaliza.

"Mume wangu, hawa si wanatokea huku chini?"

"Ndiyo."

"Basi wataliona jina miguu juu."

Kocha akazitazama herufi, akautazama mteremko. Akasema wanaojua huandika hivyo, ili helikopta ya televisheni isome vizuri. Na huyu ndiye anayepima macho ya watu.

Tukakaa kungoja. Watu walizidi kujaa, watu wazima na akili zao, mmoja amejifunga mabawa ya boksi, mwingine amejipaka rangi hadi masikioni, wote wamekuja kuganda kwenye manyunyu na ukungu ili waone kitu ambacho televisheni ingewaonyesha bure. Baridi ilikuwa ya kung'ata. Dada alikuwa na chupa ya chai, lakini Kocha akakataza isifunguliwe. Chai ile ni ya kusherehekea Swala akipita, alisema. Mama yake, ambaye masikio yake yamechoka kidogo, alijikunyata kwenye kiti cha mbele cha gari na mlango wazi.

"Hawa wanakimbizwa na nani?" akaniuliza.

"Hawakimbizwi, mama. Wanashindana."

"Na huyo anayewashindanisha hana gari la kuwapandisha?"

Nikamfunika kanga miguuni.

Hatimaye tukasikia helikopta, kisha pikipiki, kisha honi. Kocha akaruka mbele. Wakaja watatu, midomo wazi, mate yakining'inia kidevuni, na kabla sijafuta maji usoni walishapotea kwenye ukungu. Siku nzima ndiyo hiyo. Swala hakuwemo. Likaja kundi la pili, naye hakuwemo. Kocha akachungulia simu, akakuta Swala ameachwa tangu chini kabisa.

Mapenzi yake yakageuka hapo hapo, kama maziwa yaliyodondoshewa ndimu. "Amevimba kichwa huyo. Anapenda starehe. Mimi nilishaliona hili zamani." Jana yake, mezani, alikuwa amesema mtu kama Swala huzaliwa mara moja.

Wengi wakapita, kisha barabara ikawa tupu. Baadhi ya watu walianza kukunja viti. Ndipo akatokea mmoja peke yake, anapepesuka huku na huku, na nyuma yake likimfuata taratibu gari la kuwaokota walioshindwa. Alikuwa Swala. Suruali ilichanika ubavuni, nyama ya paja ikionekana, na damu ya kiwiko imechanganyika na mvua. Akafika kwenye jina lake lililopinduka, akasimama. Akaweka mguu chini, akalaza paji la uso juu ya usukani.

Mtu mwenye haya angenyamaza. Kocha alimsogelea. "Mvivu mkubwa. Umetupotezea siku nzima. Hapa hata mama yangu angepanda."

Swala akainua kichwa. Alimtazama kuanzia kofia hadi vile viatu. Akashuka, akaisukuma baiskeli mpaka ikamgusa Kocha tumboni.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Imalizie wewe."

Mtu mmoja akapiga makofi, na simu zikainuliwa. Kocha akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga mahali pasipo sakafu. Akatugeukia. "Ningepanda, ila hili goti..."

"Umeshavaa, mume wangu," dada akasema. "Panda."

Tangu waoane sikuwahi kumsikia akimwamrisha jambo. Mumewe naye hakuwa amezoea, maana alitii.

Watu wawili walimshikia tandiko. Kiatu cha kwanza kikanasa kwenye pedali, kacha. Cha pili, kacha. Wakamwachia. Gurudumu lilizunguka kidogo, likafikiri, likasimama. Kocha akataka kutua mguu, lakini mguu ulikuwa mali ya baiskeli. Akaenda upande polepole, bila haraka yoyote, kama mlango wa kabati uliong'oka bawaba, akalala juu ya herufi zake huku baiskeli imemng'ang'ania miguuni. Akawa anatapatapa kama mende aliyepinduka. Hakuna aliyekimbia kumwinua.

Kutoka garini mama yake akauliza, "Ameshafika?"

Nilicheka mpaka nikashikilia mlango wa gari. Nilipofuta machozi nikamtafuta dada tucheke wote, nikakuta hata hakuangalia upande ule. Alikuwa amemkalisha Swala kwenye kiti cha Kocha, amemvika sweta lake mabegani, na chupa ya chai iko wazi. Kikombe kikawa kinamgonga yule kijana meno kwa baridi, kwa hiyo dada akamshikia.

"Kunywa polepole, mdogo wangu. Umeangukia wapi?"

"Kule chini. Mtu aliingia barabarani kupiga picha."

"Pole."

Swala akanywa, na alipofika nusu ya kikombe akaanza kulia kimya kimya, na dada akaendelea kushika kikombe. Mimi niliyekuwa nacheka nikakosa pa kuyaweka macho, nikaenda kumnasua Kocha. Viatu viligoma kutoka. Ikabidi nimchomoe miguu, viatu vibaki kwenye pedali.

Msimamizi akashuka kwenye lile gari la kuwaokota walioshindwa, akapakia baiskeli, akabandua namba mgongoni kwa Swala, akamfungulia mlango. Swala akamwambia dada asante. Alipompita Kocha, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa barabara na soksi zilizolowa, alisimama kidogo. "Kipande hiki ni kigumu," akamwambia, bila kejeli, kama mtu anayesema na mwenzake wa kazi. Kisha akaingia garini.

Wakati wa kushuka Kocha hakufungua mdomo ila kuniomba nisimamishe gari atapike.

Nilidhani angeona aibu angalau mwezi mmoja. Wiki haikuisha, nikasikia dukani kwake hadithi mpya. Swala alichoka, akatupa macho kwenye umati, akamwona mtu mmoja tu anayeuelewa mchezo, akamkabidhi baiskeli. Na akamwambia kwa mdomo wake kwamba kipande kile ni kigumu. Wateja wakameza. Video ya simu ilipoanza kuzunguka, Kocha akaeleza kwamba imekatwa. Siku hizi redio ya mtaa humwalika kuchambua mbio, na husema "nilipokuwa juu ya baiskeli ya Swala" bila kope kutikisika. Watu wazima wanapiga simu kumuuliza habari za gia.

Mteja mmoja alimuuliza dada kama ni kweli.

"Alipewa," dada akasema. "Akaanguka nayo."

Mteja akacheka sana, akadhani ni utani wa mke.

Mbio zitarudi msimu ujao, na Kocha ameshasema hatapanda, atakuwa studioni. Dada ameniomba nimpeleke. Nilimuuliza anakwenda kumwona nani, maana hata majina hayajui.

"Wa mwisho," akasema. "Wa kwanza wana watu wao."

Amenunua chupa ya chai nyingine, kubwa. Nimekubali kumpeleka, ingawa bado naona ni upuuzi, na nimemwambia hivyo.