Mizani ya Ushorobani

Uligeuza uso. Usikatae, tulikuwa tumeketi benchi moja, ushorobani mwa kliniki. Muuguzi alipopaza sauti, ghafla ukaona jambo la maana sana kwenye rangi ya ukuta iliyobanduka. Rangi ile imebanduka tangu zamani na hujawahi kuishughulikia.

"Palepale!" muuguzi alisema, kama mtu anayenadi samaki. "Mama, mbona umesimama? Ulipokuja mara ya mwisho ilikuwa hapahapa, na kabla ya hapo hapahapa. Unakula nini huko nyumbani?"

Aliyekuwa juu ya mizani ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mwenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano. Mtu mmoja upande wa dirisha alicheka puani. Mwingine akasema, wala hakunong'ona, "Basi wamemkata tumbo bure." Fundi akashuka. Alipita mbele yetu ameukumbatia mkoba kifuani, akatoka mlangoni peku. Viatu vyake vikabaki kando ya mizani, vimeelekeana kama watu wawili wanaosengenya. Ulivitazama sana viatu. Mwenye viatu hukumtazama.

Karibu kabisa na mizani ile kuna chumba chenye mlango. Humo mmewekwa ndoo, mafagio, na kiti kilichovunjika mguu. Ndoo zina faragha yao. Wagonjwa wanavuliwa hadharani. Nimelisema hilo hadi nikaambiwa nina mdomo. Ninao, na nina kumbukumbu pia.

Nakumbuka mtaa ulivyomwita Lori. Nakumbuka mteja aliyemrudia na gauni jipya akidai limelegea, "Labda ulilijaribisha mwilini mwako kwanza!" Fundi alicheka pamoja naye, akacheka kuliko wote waliokuwepo, kisha akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo na kukaa humo hadi uso wake uliporudi mahali pake. Magoti yalikuwa yanamwaka moto. Sukari ilikuwa imempanda. Kufika dukani kwake, penye kilima kidogo tu, alikuwa akipumzika njiani akijifanya anatafuta kitu mkobani.

Alipofanyiwa upasuaji na mfuko wake wa chakula ukabakizwa mwembamba kama ndizi, mwili ulianza kumtoka kwa haraka iliyomshangaza hata yeye. Mtaa ule ule uliomwita Lori ukamwita Modo, eti mwanamitindo. Watu walisimama mlangoni mwa duka lake kumtazama, wakamwambia ageuke, akageuka. Kila Jumapili aliketi kwenye cherehani kupunguza magauni yake mwenyewe, na mlio wa cherehani siku hizo ulikuwa mtamu masikioni mwake kuliko taarabu. Jambo moja tu hakulifanya: kitambaa cha ziada hakukikata. Alikikunja ndani, akakishikiza. Mkono wa fundi una tahadhari zake, na woga wa mtu hujua pa kujificha.

Kisha mizani ikasimama.

Daktari alikuwa amemweleza tangu mwanzo. Mwili ukipungua sana huduwaa, hujipanga upya, na uzito huweza kusimama kwa majuma, hata kwa miezi. Wakati huo si wa kujinyima wala kukimbia kliniki, ni wa kuja na kuonana. Alimweleza vizuri, kwa subira. Ila alimweleza yeye peke yake. Mtaa haukuambiwa. Mtaa ulikuwa mlangoni, unasubiri ageuke.

Baada ya ile siku aliyotoka peku, hakurudi kliniki. Haya yaliyofuata nilisimuliwa na mdogo wake, mpishi wa shule, anayeishi naye. Alinisimulia huku akikata vitunguu kwa kisu kilichokuwa na hasira kuliko yeye.

Alasiri moja mdogo mtu alikuwa akipiga pasi. Akaligeuza gauni la kazi la dada yake ndani nje ili aanze na mishono, mkono ukasita. Kando ya mshono, upande wa ndani wa nguo, kulikuwa na mstari mwembamba wa matundu ya sindano, moja baada ya jingine, kutoka kwapani hadi nyongani.

"Dada, hili gauni umelipunguza au umelipanua?"

"Tazama pasi, utaunguza."

"Nimekuuliza."

"Mimi nimepungua. Kwani huoni linavyoning'inia?"

"Ninachoona ni matundu. Mshono ulikuwa hapa, ukaufumua, ukausogeza huku nje. Na hili la bluu hivyo hivyo. Mwili haujapungua, nguo ndiyo umeinenepesha."

Fundi aliendelea kupanga vifungo kwenye kopo, vidogo na vidogo, vikubwa na vikubwa. Juma lile alikuwa amejishona kidole, yeye ambaye angeweza kushona amefumba macho.

"Na unakula nini?" mdogo mtu aliuliza.

"Nakula."

"Mimi ndiye ninayepika, usinifanye mgeni. Supu unaipeleka chumbani, bakuli linarudi linang'aa. Jana jirani kaniuliza paka wake tunampa nini, amenenepa hadi hapiti dirishani."

Fundi alitaka kucheka. Kicheko kilianza vizuri, kikageuka kilio. Mdogo mtu akaweka pasi chini, akaenda kumshika kichwa, na nywele zikabaki vidoleni mwake kama uzi uliokatika.

"Sisi tumezaliwa tumbo moja," alisema. "Wewe sasa umebaki na nusu, halafu hata hiyo nusu unainyima. Kwa ajili ya nani?"

"Walinipigia makofi. Wewe hujui ilivyo. Ukiwa mnene wanakucheka, umezoea, unajua pa kukaa. Lakini wakishakupigia makofi... Wakijua nimesimama, watasema nilikula. Watasema mlafi hata akikatwa tumbo ni mlafi."

"Waache waseme."

"Hata wewe ulisema."

"Mimi? Nilisema nini?"

"Siku ile nilipovaa gauni la njano. Ulisema, 'Hapo sasa dada nakuona.'" Fundi alifunga kopo la vifungo. "Kwani miaka yote hiyo ulikuwa ukimwona nani?"

Mdogo mtu alirudi kwenye pasi, akakuta imepoa, akaendelea kuipitisha juu ya nguo ile ile, mbele nyuma, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Baadaye akapasha supu, akaijaza kwenye vikombe viwili vya chai, akaketi sakafuni karibu na dada yake. Wakainywa polepole, kijiko kwa kijiko, bila kutazamana. Paka wa jirani alikuja dirishani, akalia, hakufunguliwa.

Kesho yake fundi alichukua wembe akaufumua mshono wa uongo. Si kazi ngumu. Uzi uliowekwa kwa hofu huwa na hatua ndefu na hutoka upesi. Alilipitisha gauni tena juu ya ule mstari wa zamani, sindano ikiyatafuta matundu yake na kuyapata. Alipolivaa lilimkaa. Halikumning'inia, halikumbana. Lilimwonyesha alivyo: tumbo bado lipo, ngozi ya mikono imelegea kama pazia lililovuliwa fimbo, kifua kimeshuka. Alijitazama kwenye kioo kirefu cha wateja, na aibu ilimpanda kutoka miguuni, ile ile ya siku zote, akasubiri ipite. Haikupita. Akafungua duka nayo.

Mteja wa kwanza, yule yule wa mzaha wa gauni lililolegea, alimkagua juu hadi chini.

"Modo, vipi tena? Naona kama unarudi ulikotoka."

Fundi alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha mkononi.

"Sijarudi. Nimesimama."

"Umesimama vipi nawe umekaa?"

Waliokuwepo walicheka. Fundi naye akacheka kidogo, ila safari hii hakuwashinda wote, wala hakuingia nyuma ya pazia. Alivuta futi shingoni. "Nyoosha mikono nikupime," alimwambia. "Na usibane tumbo. Nitajua." Akampima kifua, kiuno, nyonga, na kila kipimo alikisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba mteja peke yake ndiye aliyekisikia. Miaka yote amepima watu hivyo. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Sasa sikiliza. Leo ni siku ya kliniki, na sisi tuko benchi lile lile. Rangi imezidi kubanduka. Fundi amekuja, amevaa lile gauni, na mdogo wake yuko ubavuni mwake. Amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine bado nje. Macho yake yanatafuta viatu vyake vya siku ile. Havipo hapa. Vimewekwa chumba cha ndoo. Hata viatu vimepata mlango. Muuguzi ameshika kalamu, anapitisha kidole kwenye majina, na yule wa dirishani ameshaanza kujiweka sawa kwa ajili ya kicheko chake. Ule mguu wa nje unaweza kuufuata wa ndani. Unaweza pia kuuita urudi, na safari hii hatumwoni tena.

Usianze na ukuta. Nakuona.

Mizani ile si nzito, nimeijaribu kwa mguu. Watu wawili wanaiweza. Mdogo mtu ameshamwacha mlangoni akaingia chumba cha ndoo, nasikia ndoo zikiburutwa kuipisha mizani. Acha mkoba wako, hakuna atakayeuchukua. Shika upande huo, mimi nimeshika huu.

Simama. Kabla jina lake halijaitwa, simama.