Kilichokata Maneno ya François

Mama Cécilia alifika Salamabila, mji wa machimbo, nyuma ya pikipiki, kitenge kimejaa tope. Alitoka shambani kwake Lusangi kuja kumwona mwanawe François, aliyelazwa hospitalini Bukavu. Angemwona kwenye kompyuta ya Kavira, mwanamke wa kibanda cha karibu na soko, ambako wachimbaji walikwenda kuzungumza na ndugu zao wa mbali.

Mama na mwana walikuwa hawasemezani tangu François aache mihogo na kwenda kuchimba dhahabu bila radhi ya mama. Kisha shimo likamporomokea.

Sura yake ilipotokea kiooni, imekonda, mama alijiziba mdomo.

"Mama," François akasema, "nilitaka nikuambie..."

Feni ya kompyuta ikanguruma, picha ikaganda, kioo kikazima.

Kavira aliigusa mashine, ikamchoma vidole. Walingoja ipoe. Ilipowaka tena, simu ya Bukavu haikupokelewa.

"Amenikatia," Mama Cécilia akasema.

"Hapana, mama. Ni masini ndiyo imekufa."

"Wacha, mwanangu. Mutoto wangu namujua. Amenikatia."

Akapanda pikipiki akarudi Lusangi. François alifariki siku chache baadaye, hawajasemezana tena.

Habari ilipomfikia Kavira, aliiendea mashine. Mashine ile ilikuwa ikichemka kwa muda sasa. Alikuwa amelaumu vumbi, akaipuliza na kuifuta kwa brashi. Alilaumu jua, akaisogeza kivulini. Alilaumu wateja wanaofungua kurasa nyingi. Safari hii hakumlaumu mtu. Aliiwasha, akafungua kivinjari kitupu, bila ukurasa hata mmoja, akatulia kusikiliza. Feni ikaanza kunguruma vilevile.

Basi kazi ilikuwa ikifanyika, na si yake. Alifungua sehemu ya kivinjari inayoonyesha nani anakula nguvu za kichakataji, ule ubongo wa kompyuta. Karibu zote zilikuwa zikiliwa na kijiprogramu kimoja kilichopachikwa humo, kikijiita cha kuongeza kasi. Alikizima. Feni ikashusha sauti, ikanyamaza.

Mtu mwingine aliyejua neno la siri la mashine ile alikuwa Alain, mumewe.

"Baba Sarah, hii kitu ni nini?" alimuuliza alipoingia.

Alain alitazama kioo, akacheka kidogo. "Aa, usiizime. Inachimba pesa ya enternete. Masini inapiga hesabu, wale wa mbali wananilipa."

"Wamekulipa?"

"Bado. Inaenda polepole."

"Na mimi ukaniacha napangusa vumbi."

"Mama Sarah, hapa kila mutu anachimba. Wao na sururu, mimi na masini. Mubaya iko wapi?"

"François alikuwa anasema na mama yake."

"Ule alikuwa mugonjwa. Masini yangu ndiyo ilimuangushia udongo?"

Kavira alikifuta kijiprogramu, akabadili neno la siri, mumewe akiwa amesimama palepale anamtazama. Kisha akatafuta pikipiki ya Lusangi.

Alimkuta Mama Cécilia akimenya mihogo. Alimweleza yote bila kujitetea: mashine ilichoshwa kwa kazi ya siri, na aliyeichosha ni mumewe. Kisu kilisimama.

"Kwa hiyo hakunikatia."

"Hakukukatia, mama."

"Nimemulilia na hasira. Hata pa matanga, watu wakisema alikuwa mutoto muzuri, mimi nilinyamaza." Akavuta pumzi. "Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua."

Kavira alingoja matusi, akayatamani hata. Hayakuja.

"Umefanya vizuri kuniambia," mama akasema mwishowe. "Lakini usirudi tena hapa. Nikikuona wewe, nitakuwa nangojea ile neno imalizike."

Akainamia beseni lake. Kavira akaaga, akaondoka. Mwenye pikipiki alimuuliza kama wapitie sokoni kununua kitu, naye akatikisa kichwa. Njiani mvua iliwakuta, wakateremka kuisukuma pikipiki kwenye utelezi. Nyumbani Alain alikuwa amekwisha kuwaambia majirani kwamba mkewe ana roho ngumu, hawezi kumwachia mwanamume atafute maisha. Nao walimuunga mkono.