Mkwe Ulingoni

Kwa miaka mingi bingwa wa ndondi za uzito wa juu katika Kisii na Nyamira alikuwa mtu mmoja tu, Obwocha wa Suneka, mwenye kinu cha posho, na wapinzani wake walikuwa wamekwisha. Hawakufa, la hasha. Waliisha tu, vile sukari huisha mkebeni ukidhani bado ipo. Ombati wa Masimba, jitu la miraba minne, alipanda mizani siku ya kupimwa, akamwona Obwocha anavua shati, mara akakumbuka kwamba jino linamuuma. Mwalimu Ochoki wa Mosocho alidumu raundi moja, kisha akawaambia watu kwamba ndondi zinamharibia sauti ya kwaya. Wengine walitangaza redioni Jumatatu kwamba watamla Obwocha mzimamzima, na ikifika Ijumaa simu zao hazishikiki.

Na Obwocha alivyoipenda hali hiyo, wacha tu! Mbele za watu alijifanya analalamika. "Jamani, nileteeni mtu," alikuwa akisema, unga umemjaa kwenye nyusi, "mimi nitapigana na nani, na huyu kinu?" Wateja wakicheka, naye anacheka zaidi yao. Mkanda wa ubingwa aliutundika ukutani juu ya mashine, ameufunga kwa karatasi ya plastiki usiingie vumbi, na kila mama aliyeleta mahindi lazima auangalie kwanza ndipo asagiwe. Pasaka moja aliuvaa kwenda misa, ndani ya koti, na wakati wa kupiga magoti ukamchoma tumboni mpaka akaguna padre akanyamaza.

Kisha akatokea Nyasani.

Nyasani alikuwa kijana wa Nyamira, Msabato mpole, anayechuma chai na kubeba vikapu viwili mahali wenzake wanabeba kimoja. Obwocha alimdharau mpaka siku alipoonyeshwa video kwenye simu. Humo alimwona yule Ombati wa Masimba, jino limeshapona, anamrukia Nyasani kwa kelele nyingi. Nyasani akasogea kidogo, akatoa mkono wa kushoto mara moja tu, bila haraka, na Ombati akakaa chini kwa adabu kama mtu aliyeletewa kiti.

Obwocha akaomba video irudiwe. Ikarudiwa. Usiku ule ugali wa wimbi ulimshinda, na hajawahi kushindwa na ugali maishani mwake. Aliogopa, tena aliogopa sana. Magoti yake yalikuwa yanalia kila akiinuka, na pambano lilikwisha kupangwa, Jumapili alasiri katika uwanja wa Suneka, baada ya misa yake na baada ya Sabato ya Nyasani. Mkanda ukiondoka pale ukutani, yeye angebaki nani? Mzee fulani wa posho.

Dada yake mkubwa, Nyakerario, ndiye aliyemletea habari iliyomwokoa, au alivyodhani imemwokoa. Nyakerario alikuwa mama mnene wa kucheka, haogopi mtu, wala bingwa wa aina yoyote.

"Wewe umekaa hapa unakunja uso," alimwambia, "na huku Gladys wako ana mchumba hata hujui."

Gladys alikuwa binti yake wa pekee, mwenye duka la dawa za mifugo pale pale sokoni.

"Mchumba gani?"

"Yule bondia wa Nyamira. Kila wiki anakuja kununua dawa ya minyoo. Nimeuliza, Obwocha, kwao wana kuku watatu tu. Minyoo gani hiyo ya kunyweshwa dawa kila wiki?"

Obwocha alitaka kukasirika. Alikwisha hata kuvuta pumzi ya kukasirikia. Halafu wazo likampiga.

Kwa Abagusii, yaani Wakisii, kuna jambo linaitwa chinsoni, ile haya inayokaa kati ya mtu na baba mkwe wake. Mkwe hakai kiti kimoja na baba mkwe. Hamtanii, hampi mkono ovyo, hamkazii macho, na kumwona kifua wazi ni balaa. Sasa kumpiga konde la pua? Hiyo haijawahi kuwazwa hata na mlevi. Na chinsoni haingoji harusi ya kanisani. Ng'ombe wa kwanza akishaingia bomani, imeanza.

"Dada!" Obwocha aliruka, magoti na yote, akamkumbatia Nyakerario wakajaa unga wote wawili. "Wewe ndiwe esigani! Kuwa mshenga wetu. Nenda Nyamira leo. Waambie nimekubali, nimefurahi, walete ng'ombe hata wawili tu, zingine tutaongea. Lakini waje kabla ya Jumapili."

Nyakerario alijipangusa akamtazama kwa jicho moja. "Na hiyo haraka ni ya nini? Na pambano je?"

"Mambo ya pambano tutamalizana wanaume wenyewe."

Alipotoka, Obwocha alicheza peke yake kinuni, mashine ikinguruma, akizunguka magunia kwa hatua za ulingoni. Mteja mmoja alichungulia, akaona afadhali arudi baadaye.

Huko Nyamira, Esnah, mama yake Nyasani, aliposikia kwamba bingwa mwenyewe anaomba waharakishe, alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja mbio wakidhani kuna moto. Nani apewe heshima kama hiyo aanze kuuliza maswali? Mjomba wake Nyasani, Thadeus, alifungua zizi siku ile ile. Alhamisi asubuhi ng'ombe wawili, mmoja mwekundu na mmoja mwenye baka jeupe, wakaingia kwa Obwocha. Watu walikula, walikunywa, Gladys aling'aa siku nzima. Kila mtu pale alijua kwamba pambano sasa limekufa, wakwe hawapigani, na kila mtu alidhani mwingine ndiye atakayelitangaza.

Nyasani tu ndiye aliyeinua macho kidogo kutoka kwenye sahani, akamwona Obwocha akitabasamu nyuma ya mlango wa jikoni, akaelewa. Akayashusha macho haraka. Kutoka siku hiyo yalikuwa macho ya mkwe.

Hesabu ya Obwocha ilikuwa rahisi. Kijana asipotokea, mkanda unabaki. Akitokea asipige, mkanda unabaki. Akaenda misa ya Jumapili akaimba kwa sauti hata zile sehemu za wanawake.

Lakini Nyasani alitokea. Alikuwa ametoa neno lake kabla ya ng'ombe, na nusu ya Nyamira ilikuwa imeteremka Suneka kumwangalia. Alipanda ulingoni amejifunga taulo mpaka shingoni. Refa, bwana mmoja mwembamba aliyeletwa kutoka Mombasa, akamnyang'anya taulo. Nyasani akageuka haraka, akaelekeza kifua chake upande wa posta, mbali na baba mkwe.

Kengele ikalia. Obwocha akatoka konani kwa madaha, tayari kumdonadona huyu mtu asiyeweza kurudisha. Alinyanyua mkono wa kulia. Mkono ukakataa! Nakwambia ulikataa kabisa, kama si wake. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa amemlea barabara, na huyu mbele yake alikuwa mkwe, mkwe wa ng'ombe wawili waliokula nyasi zake asubuhi hiyo. Obwocha naye akainamisha macho. Akapiga hatua nyuma. Nyasani akampisha. Obwocha akasogea pembeni ampishe yeye. Wakaanza kuzunguka ulingo, majitu mawili yenye glavu, kila moja likimkimbia mwenzake kwa heshima.

Watu wa Kisii walielewa mara moja, na uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mtu alipanda juu ya goli akaanguka kwa kucheka, akapanda tena.

"Jamani!" refa alipiga kelele, jasho linamtoka. "Mwapigana ama mwaposana? Nyinyi mna nini?"

"Ni mkwe!" uwanja ukamjibu.

"Mkwe wa nani?"

"Wa huyo!"

Refa alitazama huku na huku akitafuta mtu mzima wa kumweleza. Hakumpata. Raundi ya pili ikapita hivyo hivyo, na ya tatu, na katikati ya ya tatu walikutana kinyumenyume wakagongana migongo, wakaombana radhi bila kugeuka. Akina mama walikuwa wamekaa chini wameshika mbavu.

Obwocha alirudi konani akacheka na yeye. Mkanda ni wake! Lakini kicheko chake hakikukaa. Alisikiza vizuri kile cha uwanjani, akasikia kwamba kimebadilika, sasa hakikuwa cha wakwe wawili, kilikuwa chake peke yake. "Obwocha ameoza binti ajifiche nyuma yake!" mtu alipiga kelele, na wengine wakalidaka neno hilo. Alimtafuta Gladys pale alipokuwa ameketi na shangazi yake. Kiti kilikuwa kitupu. Akaona aibu, aibu ya moto, mpaka masikioni.

Kabla kengele ya raundi ya nne haijalia, watu wa upande wa langoni walianza kupisha. Gladys aliingia uwanjani amevaa gauni lake la kanisani na gamubuti za kazi, anavuta kamba mbili, na nyuma ya kamba walikuwa ng'ombe wawili, mwekundu na mwenye baka, wanashangaa umati. Alipita moja kwa moja mpaka alipokaa Esnah.

"Mama," alisema kwa heshima, lakini sauti ilifika kila pembe, "chukua ng'ombe zenu. Mimi sijaolewa."

Esnah alishika mdomo. "Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Nampenda Nyasani, na yeye anajua." Hapo akina mama walisema aaai kwa pamoja. Gladys akageuka kwenye ulingo. "Lakini tata, baba yangu, mimi si mlango wa kujifungia ukisikia mbwa! Ulinioza kwa sababu ya mkanda. Nikiolewa nitaolewa kwa sababu yangu. Sasa hapa hakuna mkwe wa mtu. Pigana!"

"Na mimi esigani nimesikia!" Nyakerario alisimama juu ya kiti chake, kiti kikamlalamikia. "Nilitumwa kwa uongo, na huo uongo naufuta! Thadeus, shika kamba hizo!"

Mjomba Thadeus alikuwa mtu wa mila. Alifikiri, akakohoa, akatoka mbele za watu wote akazishika kamba. Basi. Ng'ombe wakawa wa Nyamira tena.

Ulingoni, Nyasani aliinua uso polepole. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alimtazama Obwocha machoni, na Obwocha akaona kwamba kijana ana macho mazuri, hana chuki, na ana hasira kidogo ya haki.

"Pole, mzee," Nyasani alisema. "Sasa nitakupiga."

"Karibu," Obwocha alisema, na akashangaa kusikia kwamba anamaanisha.

Kengele! Konde la kwanza la Nyasani lilimpata begani likamzungusha, la pili likampata mbavuni, na Obwocha akahisi maumivu mazima mazima, ya kweli, ambayo alikuwa amesahau ladha yake. Ee! Kwani alikuwa analala miaka hii yote? Akarudisha. Mkono wake wa kulia ukamwingia kijana kidevuni, Nyasani akapepesuka, uwanja ukanguruma, hata ng'ombe mwekundu akalia. Walipigana raundi hiyo na nyingine kifua kwa kifua. Hakuna aliyecheka tena. Magoti ya Obwocha yaliacha kulia, labda yaliogopa. Alikuwa anatokwa damu puani huku anatabasamu, na kila konde alilorusha lilimtoka kama deni la siku nyingi alilokuwa na hamu ya kulilipa.

Ule mkono wa kushoto aliujua. Aliuangalia kwenye simu mara nyingi. Aliuona unatoka, bila haraka, na akapata nafasi ya kuwaza kwamba ni mkono mzuri kweli. Kisha akawa ameketi chini.

Refa alihesabu. Obwocha aliinuka, uwanja wote wa Suneka ukilia jina lake, watu wale wale waliomcheka. Mkono wa kushoto ukaja tena. Safari hii alilala chali akatazama mawingu mpaka hesabu ikaisha, na hakuona ubaya wowote.

Alipogeuza kichwa, bingwa mpya alikuwa amepiga magoti pembeni yake, ameshatoa glavu, ananyoosha mkono. Obwocha akaushika akavutwa juu. Wakasimama wamekumbatiana katikati ya ulingo, jasho kwa jasho, damu ya pua ya mmoja kwenye bega la mwingine.

"Umeumia, mzee?"

"Sana," Obwocha alisema, akacheka mpaka mbavu zikamkumbusha. "Sana, kijana wangu."

Chini ya kamba za ulingo Gladys alikuwa amefika, analia na kucheka, na Esnah nyuma yake, na Thadeus na ng'ombe zake, na Nyakerario akisukuma watu kwa kiuno.

"Tata," Gladys alisema, "sasa wakizileta tena, utazipokea?"

Obwocha alielewa maana yake. Ng'ombe wakivuka lango lake kwa mara ya pili, huyu kijana atayashusha macho tena, safari hii kwa maisha yote. Hatamgusa, hatamtania, hatakaa naye kiti kimoja. Akamkaza zaidi mikononi.

"Nitazipokea," alisema. "Lakini mwambie Thadeus azilete polepole. Bado sijamwachilia."